Siku Shangazi Aliposema "Sina"

Kyela, Jumapili mchana

Atupele, kitindamimba wangu,

Umetoka kanisani ukapanda bodaboda moja kwa moja kwenda Matema kuwaaga wenzako, na mama yako amejilaza kidogo baada ya kufunga na kufungua mizigo yako mara tatu. Mimi nimekaa barazani. Kokoa imeanikwa mbele yangu, kuku wananipima kama nimesinzia, na nina kalamu mkononi. Jua ni kali, lakini mvua ya huku kwetu haina adabu, inakuja bila hodi. Kwa hiyo ukiona mwandiko umekatika mahali, ujue niliinuka kwenda kufunika kokoa.

Mambo ya chandarua, ya kutokula ovyo, ya kutoacha simu dirishani, mama yako ameshayasema na kesho atayasema tena. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, nimelikimbia miaka tisa, na sasa limenifikia. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu haufai kwa kazi hii. Si unanijua? Nikiongea najitetea. Sikukaa mahakamani miaka yote ile bure.

Unakumbuka Jumanne tulipokuwa tunakula mchana? Ulikuja mezani na kile kitabu kikuukuu cha sheria ulichonunua Mbeya, kurasa zimeachia uzi, ukasema, "Baba, wewe si ulikuwa karani wa mahakama? Hebu nisaidie hapa." Ukaanza kunisomea habari za Waingereza na ahadi zao. Mama yako akasema, "Jamani, kuleni kwanza, huyu samaki mbasa anapoa." Hukumsikia. Ulikuwa na hasira utadhani umeonewa wewe.

"Yaani Baba," ukasema, "mtu kakutendea wema. Wewe kwa mdomo wako ukaahidi kumpa kitu. Halafu sheria inasema hawezi kukudai, eti kwa sababu wema ulitangulia ahadi? Si haki hii!"

Mimi nikainuka nikasema nakwenda kuangalia kokoa, mvua inakuja. Hakukuwa na hata wingu. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo, mwanangu, mzee mzima, mpaka niliposikia mnaosha vyombo. Ulidhani nimechoka na maswali yako. Sivyo. Ulikuwa umenisomea kesi yangu.

Huko uendako utafundishwa sheria hiyo na watu wenye majoho, nao wataieleza vizuri kuliko mimi. Lakini ngoja nikupe kwanza kama nilivyoijua, ili uelewe nilichokifanya nayo. Waingereza wanasema ahadi tupu haimfungi mtu. Ili ifunge, lazima pawe na badala. Mimi nitoe, nawe utoe, au uache kitu kwa ajili yangu. Nikikuambia, "Atupele, nitakupa mtumbwi wangu," kesho nikageuka, huna pa kunishtaki. Nikikuambia, "Nishonee nyavu zangu, nami nitakupa mtumbwi," ukazishona, hapo umenifunga. Hiyo badala si lazima ilingane na mtumbwi. Hata punje moja ya pilipili manga inatosha, mradi niliitaka na wewe ukaitoa. Hakimu mmoja niliyemchapia hukumu kule Songea alipenda kuniambia, "Karani, sisi hatupimi uzito. Tunauliza tu kama kuna kitu kwenye mizani." Nililipenda sana neno lile. Nililirudia kwenye harusi na misiba mpaka mama yako akanikataza.

Halafu kuna vikanuni viwili vidogo. Cha kwanza ni hicho kilichokukasirisha, kwamba lililotendwa kabla ya ahadi haliwi badala, limeshapita. Cha pili kinasema ukifanya ambacho tayari ni wajibu wako, hujatoa kitu kipya. Vishike hivyo viwili, maana ndivyo nilivyovitumia kumpiga dada yangu.

Ndiyo. Shangazi yako Subilaga.

Uliponiuliza ukiwa mdogo kwa nini shangazi haji tena Krismasi, nilikuambia ana mambo yake. Uliponiuliza tena ukiwa kidato cha kwanza, nilikuambia Katumba Songwe ni mbali. Mbali! Mtu akitoka hapa na bodaboda baada ya chai, kabla ya saa sita amerudi. Wewe ukaacha kuuliza, nami nikafurahi kwamba umeacha. Leo naona kufurahi kule kulikuwa kubaya kuliko uongo wenyewe.

Nianze mwanzo. Bibi yako alipopooza upande mmoja, mimi nilikuwa Songea, kazini. Ndugu wengine hatukuwa nao, tulikuwa wawili tu, mimi na dada. Yeye alikuwa mjane, anaishi Matema, anauza vyungu vya Wakisi. Alikuwa ananunua kwa wale akina mama wafinyanzi wa Ikombe, anavipakia kwenye mtumbwi na majani ya migomba katikati ili visigongane, anavileta mnadani na mpaka huku Kyela. Alikuwa na wateja wake, na jina lake. Watu walikuwa wakisema chungu cha Subilaga hakivuji. Mimi nikamwandikia barua, nikamwomba aache yote hayo arudi nyumbani amtunze mama. Akaacha. Hakuuliza atapata nini. Alirudi na kapu la nguo na vyungu viwili, akaingia jikoni kwa bibi yako, na hakutoka kwa miaka sita.

Unajua kumtunza mtu aliyepooza ni nini? Mimi sijui. Nilikuwa nakuja likizo, nakuta mama ananukia sabuni, nywele zimechanwa, shuka safi, nakaa naye kitandani nikijiona mwana mwema. Sikuwahi kuamka alfajiri kumgeuza ubavu. Sikuwahi kumponda ndizi na kumlisha kwa kidole mpaka ameze. Kuna mwaka mama yako alipokuwa masomoni tulikuleta huku ukiwa na miaka mitatu, na shangazi akawa na wawili wa kuosha. Alikubeba mgongoni huku akipalilia migomba. Ulikuwa ukilia akikushusha.

Na bado akapata nafasi ya kwenda shambani, kule chini karibu na mto, kwenye kokoa aliyoipanda babu yako. Mimi nilikuwa nimeshaiona imekufa, miti mizee, imefunikwa na vichaka. Yeye akapogoa, akang'oa iliyooza, akapanda miche mipya chini ya kivuli cha migomba, mmoja baada ya mmoja.

Bibi yako alipofariki, siku ya kumaliza msiba, watu wote wakiwa wamekaa, nilisimama. Unajua mila zetu: shamba la baba linamfuata mtoto wa kiume. Hakuna aliyetarajia Subilaga apate kitu, hata yeye mwenyewe. Nikasema kwa sauti, mbele ya wazee, "Dada yangu amemwosha mama miaka sita. Shamba la kokoa la kule mtoni nampa yeye. Nasema mbele yenu." Watu wakapiga makofi msibani, jambo ambalo hatulifanyi. Dada akapiga magoti akashukuru, "Ndaga fijo." Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nisingependa ufikiri nilikuwa namdanganya siku ile. Mtu anaweza kusema kweli leo, na mwaka kesho akaikana.

Nikastaafu, nikarudi. Hapo ndipo ubaya ulipoingia. Nilikuwa nimeishi kwa watu muda mrefu mno. Hapa kwetu vijana walikuwa wakinisalimia kama mgeni, wakiniuliza nimetokea wapi. Nikienda mtoni, nasikia watu wanaliita shamba la Subilaga. Waliokuwa wakipita kwenda kuteka maji wanasema, "Tumepitia kwa Subilaga." Na kokoa yake ilikuwa imekubali, Atupele, kila shina limejaa maganda ya manjano. Nikajiambia wewe na kaka zako mnahitaji kusoma. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na wivu, tena wivu juu ya dada yangu mwenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu palikuwa pake kuliko pangu.

Nikamwambia nalitaka shamba. Akadhani natania. Nilipotuma watu kuvuna, akaenda baraza la ardhi la kata.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Asubuhi ya siku ya shauri, alikuja kwangu. Wewe ulikuwa shuleni. Alikuja na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, akautua pale jikoni. Akasema, "Ugonile, Karani." Nikaitikia bila kumtazama. Akatoa kwenye khanga barua, imekunjwa mara nne.

"Nimeikuta kwenye kitabu cha nyimbo cha mama," akasema. "Ni ile yako ya kutoka Songea, ya kuniita. Nadhani umeisahau. Nikaona nikupe mapema uisome mwenyewe kule, nisije mimi nikaitoa mbele za watu ukaaibika."

Umeelewa? Alikuja kunisitiri. Aliona mdogo wake ameteleza, akamletea fimbo ya kuinukia.

Nami nilipoiona tu ile karatasi nilijua ni nini, kwa sababu nilikuwa karani. Kile kikanuni cha kwanza kina mlango wa nyuma, na hakimu wangu wa Songea alinifundisha mlango huo siku hiyohiyo aliponifundisha kikanuni. Wema uliotangulia ahadi si kitu, isipokuwa kama aliyeahidi ndiye aliyeuomba, na wote wawili walijua kwamba hautapita hivihivi. Basi ombi langu lilikuwemo mle, kwa mwandiko wangu. Barua ikisomwa, Subilaga anashinda. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa ndani wa koti.

Tukakaa mbele ya wajumbe wa baraza. Mimi nikasimama, nikajikohoza, nikawaambia hivi: maneno ya msibani ni maneno ya msibani, mtu amejaa majonzi. Dada yangu hakutoa kitu kwa ajili ya ahadi ile, alichokifanya alikuwa ameshakifanya. Na kumtunza mama ni wajibu wa binti, nani analipwa kwa wajibu? Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza mzaha. Nikasema, "Wazee wangu, mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Karani bwana!"

Shangazi yako hakucheka. Mwenyekiti akamgeukia, akamwuliza kwa upole, "Mama, je, una maandishi yoyote? Hati, barua, chochote?"

Akanitazama. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa. Nilikuwa nimeishika, mwanangu, naisikia mikunjo yake kwa vidole. Kisha nikatoa leso, nikajifuta uso, nikaangalia viatu vyangu. Nikasikia mtu anakata kuni nyumba ya pili.

"Sina," akasema.

Neno moja tu. Angeweza kusema, "Anayo yeye." Angeweza kunyoosha kidole, mfuko wangu ukapekuliwa pale pale. Hakusema. Shauri likaisha, shamba likawa langu, na wale wajumbe hawana kosa, waliamua kwa kile walichoonyeshwa. Nje, watu wakinipa mkono, alipita karibu yangu akasema taratibu, "Ndaga, mdogo wangu." Asante. Nimetukanwa na watu wengi katika kazi yangu, hakuna tusi lililonikaa kama asante ile.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa amepika wali na kuku. Akaniwekea mezani sahani moja, peke yangu. Nikamwuliza nyinyi je? Akasema, "Mshindi hula kwanza." Akaenda kukaa na nyinyi jikoni. Hakulizungumza tena, na wewe unamjua mama yako, kwake kunyamaza ndiko kupiga kelele. Baada ya juma moja shangazi akahamia Katumba Songwe, kwa ndugu za marehemu mume wake, akapewa kipande cha kulima mpunga kule chini ambako mto Songwe ukijaa unalala juu ya mashamba ya watu.

Kuna jambo jingine ulilostahili kuambiwa zamani. Ada yako ya sekondari, sare, lile sanduku la bati, hata kitabu chenyewe ulichonisomea Jumanne, vyote vimetoka kwenye ile miti. Huna kosa, hukujua. Lakini unakwenda kusomea haki ukiwa umesomeshwa na kokoa ya mtu aliyedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni mimi. Bora ulie leo ukiwa bado nyumbani kuliko kuyasikia huko kwa mtu wa Kyela asiye na huruma.

Uliponisomea vile Jumanne, usiku ule nilikichukua kitabu chako. Samahani, sikukuomba. Nikasoma sheria yetu wenyewe ya mikataba, hii ya hapa nchini, ambayo kwa miaka yote niliichapa vifungu vyake bila kuvitazama usoni. Nikakuta kumbe sheria yetu ni laini kuliko ile niliyoitumia. Inasema mtu akikutendea jambo kwa hiari yake, ukaahidi kumfidia, ahadi hiyo inaweza kukufunga. Tena inasema ndugu wa karibu akimwahidi nduguye kwa ajili ya upendo tu, bila badala yoyote, ahadi inashika, ila iandikwe na isajiliwe. Upendo tu! Nilikaa na kidole juu ya mstari ule. Watunga sheria walikuwa wamefikiria mpaka watu kama mimi na Subilaga, na mimi niliupita ule mstari nikielekea kwenye ule uliokuwa na makali.

Basi nikaandika hati. Ijumaa nikaigongesha muhuri, nikajiambia nitaisajili akishaikubali. Jana asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Katumba Songwe.

Nilimkuta amekaa nje anapepeta mchele kwenye ungo. Amezeeka, Atupele. Macho yameingia ukungu, sasa anaona kivuli tu. Nilisimama pale nikakohoa, naye akaacha kupepeta.

"Karani," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada."

"Basi kaa."

Nikakaa chini. Nikampa hati mkononi, akaipapasa, akakuta mahali pa muhuri. Nikamwambia nimemwandikia shamba, kwa upendo, sheria inaruhusu. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Lo! Siku hizi upendo una muhuri?"

Kisha akairudisha. Nikamsihi. Nilimsihi, mwanangu, kama mshtakiwa. Akasema, "Kokoa inataka mtu wa kuiamkia. Mimi miguu haifiki tena huko, na macho hayaoni ganda bichi wala bivu. Ungeniletea nikiwa na macho. Sasa nitalifanyia nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayekuambia leo hakuna samaki.

Niliinama. Nilikwenda na badala mkononi, nikakuta muda wake umepita. Kikanuni changu mwenyewe.

Akaniuliza, "Ile barua uliichoma?"

Sikuichoma. Sijui kwa nini. Miaka tisa imekaa kwenye nailoni ndani ya koti lile lile, koti ambalo mama yako ametaka kuligawa mara ngapi nikakataa. Nikaitoa nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akainusa, akasema bado inanuka kitabu cha mama. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sababu hiyo kazi ndiyo niliyoisomea, kuandika walichosema watu.

"Siku ile sikulilia shamba. Wanawake wa ukoo wetu hatukuzaliwa na mashamba. Nilikaa nikingoja uisome. Ulipoingiza mkono mfukoni nikasema moyoni, haya, sasa anaitoa. Ukatoa leso. Nikasema labda anatafuta miwani. Nikangoja. Mwenyekiti aliponiuliza nilikuwa bado nakungoja wewe."

Nikamwambia nitaisoma sasa hivi, dada. Nikaichukua, nikaifungua. Akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Si hapa. Hapa kuna kuku tu. Uliniacha mbele za watu, Ambokile." Ni miaka mingi hajaniita kwa jina langu. Kisha akauliza, "Mtoto anaondoka lini?"

Nikamwambia Jumatatu, na basi la asubuhi.

"Linasimama Kasumulu," akasema, akanisukumia ile barua. "Nitakuwepo."

Ndiyo hiyo, Atupele. Kesho nitapanda na wewe na mama yako mpaka Kasumulu. Pale mpakani Jumatatu panajaa: wabadilisha fedha, wapagazi, akina mama wa mchele, wanaokwenda Malawi na wanaotoka. Wawili wa wale wajumbe wa baraza wana maduka pale, mmoja ni yule aliyesema "Karani bwana." Basi likisimama, shuka. Usimsalimie shangazi yako dirishani. Piga goti, msalimie, tena utangulie kusema jina lako maana hatakuona. Atakuwa na kifurushi, najua, atakuwa amekuletea mchele. Upokee. Usitafute cha kumrudishia, hakuna anachokidai kwako.

Nimeona ni haki ujue kabla, kwa sababu baada ya hapo nitasimama katikati ya watu wale nitaje jina langu, niseme nilichokifanya, kisha niisome ile barua kwa sauti. Itakuwa aibu, na wewe utakuwa umesimama kando yangu na mizigo yako. Ukiona huwezi, baki ndani ya basi, sitakulaumu hata kidogo. Shamba usilihesabu kuwa urithi wako. Sijui nitalifanya nini. Kaka zako nitawaambia nao, mmoja mmoja.

Ningependa kukupa neno la kubeba, kama wazazi wengine, lakini kila nikilitafuta naliona nimelitoa kwa Subilaga. Ninajua hili tu: pale barazani nilijua jambo ambalo wajumbe hawakulijua, na dada yangu alinipa nafasi ya kulisema. Nafasi yenyewe ilidumu muda wa mtu kukata vipande vitatu vya kuni. Nawe kazi yako itakuwa ya kujua mambo ambayo wenzako hawayajui. Utakutana na nafasi hiyo mara nyingi. Mimi ilinijia mara moja.

Sitaki uniahidi chochote. Nimeshiba ahadi.

Mvua imekuja kweli, nimefunika kokoa, nimerudi. Nakusikia na bodaboda yako unaingia uani, unamlalamikia kijana kwa kukurushia tope. Nitakupa barua hii mkononi sasa hivi, kabla sijapata muda wa kuiweka mfukoni.

Kitu kimoja cha mwisho ninachokuomba, tena ni ombi, nalijua uzito wake. Ile barua ya Songea ni fupi. Nimejaribu kuisoma kwa sauti leo hapa barazani, peke yangu, sijafika mwisho hata mara moja. Kesho sauti yangu ikikwama mbele za watu, usiniache nimesimama vile. Ichukue mkononi mwangu uendelee pale nilipoishia. Nadhani nitafika salama mpaka pale nilipoandika, "Najua unaacha biashara yako, dada, lakini sina mwingine." Utabaki mstari mmoja tu. Unasema, "Nami sitakusahau."

Baba yako,
Ambokile